Namna ya kuiandaa nyumba na kaya kwa tetemeko na volkano katika Bonde la Ufa la Magharibi

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, ardhi ya Mkoa wa Kagera ilitikisika kwa sekunde chache tu. Tetemeko lilikuwa na ukubwa wa 5.9, na kitovu chake kilikuwa wilayani Missenyi, karibu na mpaka wa Uganda, kina cha kilomita zipatazo 40 chini ya ardhi. Kwa vipimo vya dunia hilo ni tetemeko la wastani, lakini watu wapatao 17 walipoteza maisha, mamia walijeruhiwa, maelfu ya kaya zikabaki bila nyumba ya kulala, na shule kongwe za sekondari za Ihungo na Nyakato zikalazimika kufungwa kwa sababu majengo yake hayakufaa tena kuingiwa. Aliyetembea mitaani Bukoba siku zile aliona jambo moja likijirudia: nyumba imelala chini kabisa, na jirani yake, juu ya udongo uleule, imesimama ikiwa na ufa wa plasta peke yake. Tofauti hiyo ilitokana na kile ambacho fundi alikiweka ukutani, au alichokiacha. Mwongozo huu unahusu mambo ya namna hiyo, yaani yale ambayo mwenye nyumba anayaweza mwenyewe, na umeandikwa kwa ajili ya kaya za Kagera, Kigoma na Rukwa pamoja na jirani zetu wa Goma, Bukavu, Gisenyi na Bujumbura, ambao kwao volkano nayo ni sehemu ya hesabu.

Ardhi tunayoishi juu yake

Ganda la nje la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa na madogo yanayosogea polepole mno juu ya miamba ya chini, ambayo kwa joto lake imelainika kiasi cha kuweza kutiririka. Katika Afrika Mashariki Bamba la Nubia liko upande wa magharibi, Bamba la Somalia liko mashariki, na katikati yao pamebanwa bamba dogo la Viktoria ambalo limelibeba ziwa lenyewe. Ufa unalizunguka bamba hilo dogo kwa mikono miwili. Mkono wa mashariki unapita Turkana, Naivasha, Natron na Manyara, na mkono wa magharibi unafuata maziwa Albert, Edward, Kivu, Tanganyika, Rukwa hadi Nyasa. Mabamba haya huachana kwa milimita chache kila mwaka, mwendo ambao hata ukucha wa kidole huushinda. Tatizo ni kwamba mwamba hautelezi kama mlango uliopakwa mafuta: hukwama, hupindika kidogo kidogo kwa miaka mingi, kisha hukatika kwa mara moja, na mshtuko wa kukatika huko ndio unaotufikia juu kama tetemeko. Pale ambapo ganda limekonda kwa kuvutwa huku na huku, mwamba ulioyeyuka hupata njia ya kupanda, na ndiyo maana Nyiragongo na Nyamulagira ziko pale zilipo, kaskazini mwa Ziwa Kivu, na Ol Doinyo Lengai iko kusini mwa Ziwa Natron.

Wapo wanaoamini kwamba mitikisiko midogo huipumzisha ardhi na kuondoa hatari ya tetemeko kubwa. Hesabu haikubaliani nao, kwa kuwa tetemeko la ukubwa wa 6 hutoa nishati takribani mara 32 ya lile la ukubwa wa 5, na mara 1,000 hivi ya lile la ukubwa wa 4, kwa hiyo mitikisiko midogo hailipi deni la mkubwa. Na mkubwa anaweza kuja: Rukwa ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.4 mwezi Desemba 1910, eneo la Toro nchini Uganda likapigwa mwaka 1966, Ziwa Tanganyika mwezi Desemba 2005 kwa ukubwa wa 6.8, na Bukavu pamoja na Rusizi mwezi Februari 2008. Wala hakuna mtaalamu wala chombo duniani kinachoweza kutaja siku na saa ya tetemeko lijalo. Ujumbe wa simu unaodai kwamba "usiku huu saa nane litapiga jingine" ni uongo hata kama umebandikwa nembo ya taasisi, na anayeusambaza anawafukuza watu vitandani bila faida.

Kuikagua nyumba uliyo nayo

Anza nje, asubuhi, jua likiwa bado la ubavuni, kwa sababu mwanga wa ubavu huonyesha nyufa na matumbo ya ukuta ambayo jua la utosini huyaficha. Chukua msumari wa inchi nne na ukwangue kiungo cha tofali na tofali mahali ambapo plasta imebanduka. Kiungo cha saruji kitakwaruza na kuacha mstari mweupe. Kiungo cha tope kitamwagika kama unga, na baada ya kukwangua mara tano au sita msumari utakuwa umezama nusu. Ukuta wa namna hiyo unasimama kwa uzito wake tu. Unaweza kubeba paa kwa miaka 30 pasipo shida, lakini ukisukumwa kwa ubavu, na tetemeko husukuma kwa ubavu, hauna kinachoushika.

Kisha tazama nyufa. Nyufa nyembamba zilizotapakaa kama utando wa buibui kwenye plasta mara nyingi ni za kukauka na hazina hatari. Ufa unaoanzia kwenye pembe ya dirisha na kupanda mshazari kuelekea kwenye paa, ukaonekana ndani na nje, na sarafu ikaweza kuingia ndani yake, ni dalili kwamba ukuta umeshagawanyika. Weka alama ya penseli kwenye ncha ya ufa huo na uandike tarehe pembeni. Ukirudi baada ya miezi mitatu ukakuta ufa umeipita alama, usisubiri tetemeko ndipo umwite fundi. Angalia pia pembe za nyumba, yaani pale kuta mbili zinapokutana. Matofali yanatakiwa kupishana, kozi moja ya ukuta huu ikiingia na kozi inayofuata ya ukuta ule, kama vidole vya mikono miwili vilivyoshikana. Mafundi wenye haraka hupandisha ukuta mmoja hadi juu, kisha huegemeza wa pili, na pembe hiyo ndiyo hufunguka kwanza.

Mahali pa tatu pa kutazama ni ule ukuta wa pembetatu unaopanda hadi kwenye kilele cha paa. Uko juu, ni mzito, haujafungwa na kitu, na kwa kawaida huangukia nje ambako watu wanakimbilia, au ndani kitandani. Kwa maoni yangu, mwenye pesa ya kurekebisha jambo moja tu katika nyumba nzima aanze na huo: aubomoe kwa utaratibu hadi usawa wa kenchi, na badala yake apigilie mabati au mbao. Kazi hiyo huchukua siku mbili au tatu, haihitaji saruji nyingi, na huondoa juu ya vichwa vya familia mzigo ambao haukuwa na kazi yoyote isipokuwa kuziba upepo.

Niseme hapa jambo ambalo huwaudhi baadhi ya watu. Kwetu tofali la kuchoma limekuwa cheti cha maendeleo, na anayehama kutoka nyumba ya miti na udongo kwenda kwenye ya matofali hupongezwa na ukoo mzima. Lakini msonge wa Wahaya, uliofumwa kwa miti, matete na nyasi, ulikuwa mwepesi na wenye kuyumba bila kukatika, na hata nyumba ya fito iliyokandikwa udongo, ikibomoka, huacha fremu yake ya miti imesimama. Tofali la kuchoma lililounganishwa kwa tope, likapandishwa mita tatu bila mkanda wowote, ni hatari kuliko vyote viwili. Simshauri mtu arudi kwenye msonge. Ninasema tu kwamba tofali bila lenta ni maendeleo ya nusu njia.

Kwa anayejenga upya au anayeinua kuta sasa hivi, lenta ndiyo moyo wa kazi. Isiwe vipande vifupi juu ya milango na madirisha, bali mkanda mmoja wa zege unaoizunguka nyumba yote, kuta za ndani zikiwemo, bila kukatika mahali popote. Nondo nne za milimita 12, zilizofungwa kwa ringi za milimita 6 kila baada ya sentimita 15 hadi 20, hutosha kwa nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa. Penye pembe nondo zikunjwe zizunguke kona na kuingia katika ukuta wa pili. Zikiishia kwenye kona, mkanda umekatika hata kama zege limeficha. Nondo inapounganishwa na nyingine zipishane kwa sentimita 60. Zege lichanganywe kwa uwiano wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, maji yasizidi, na baada ya kumwaga limwagiliwe kwa siku 7 angalau, asubuhi na jioni, maana zege lililokauka haraka kwa jua hupasuka na kudhoofika. Ziachwe ncha za nondo au waya mnene zikichomoza juu ya mkanda ili kenchi zifungwe humo, na paa lisiwe kofia iliyowekwa tu juu ya kichwa.

Mahali pa milango na madirisha nako kuna kanuni yake, hasa kwa kuta za udongo: jumla ya upana wa nafasi zote katika ukuta mmoja isizidi theluthi moja ya urefu wa ukuta huo, na dirisha likae umbali wa mita 1.2 au zaidi kutoka kwenye pembe ya nyumba. Madirisha makubwa yaliyosogezwa hadi pembeni hupendeza machoni na huiacha pembe ikiwa nguzo nyembamba isiyo na msaada.

Asiye na uwezo wa nondo asikate tamaa. Mkanda wa mbao nao husaidia: boriti mbili zilizolazwa sambamba juu ya ukuta, zikaunganishwa kwa vipande vya mbao kama ngazi iliyolala, na kufungwa vizuri kwenye pembe. Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, wavu wa waya unaweza kubandikwa kwenye pembe na kando ya madirisha, ndani na nje ya ukuta, vipande viwili vikafungwa pamoja kwa waya uliopitishwa ukutani, kisha vikapigwa plasta ya saruji. Ukuta hautakuwa imara kama mpya, lakini utachelewa kuanguka, na sekunde kumi za kuchelewa zinatosha kwa mtoto kutoka nje.

Ndani ya nyumba kazi ni ndogo na haigharimu. Kabati refu lifungwe ukutani kwa kamba au kipande cha chuma, magunia ya nafaka yakae chini badala ya kupangwa juu ya dari, mtungi wa gesi ufungwe usiweze kupinduka, na pasiwe na picha nzito wala rafu juu ya kichwa cha anayelala. Kitanda cha watoto kisogezwe mbali na ukuta wa pembetatu.

Sekunde zenyewe

Tetemeko likianza, uamuzi unaofanyika ni ule uliokwisha kufanywa siku nyingi kabla. Ukiwa ndani ya jengo imara, la zege na nguzo, piga magoti, ingia chini ya meza nzito, shika mguu wa meza na ujifunike kichwa na shingo hadi mtikisiko uishe. Usikimbilie ngazi, usitumie lifti, na kamwe usiruke kutoka ghorofani. Ngazi ni sehemu ya jengo inayoumia mapema, na wengi hujeruhiwa wakiwa njiani kutoka, si pale walipokuwa. Katika nyumba ya chini iliyojengwa kwa udongo au tofali bila lenta shauri hubadilika kidogo: kama uko hatua tatu au nne kutoka kwenye mlango unaofunguka uwanjani, toka mara moja na usogee mbali na kuta, kwa umbali unaozidi kimo cha nyumba. Kama uko mbali na mlango, jilaze kando ya kitanda au kitu kizito cha chini, ukijifunika kichwa. Imani kwamba fremu ya mlango ni salama ni ya zamani, na kwa nyumba za kwetu haina msingi.

Aliye nje abaki nje, mbali na nguzo za umeme, kuta za uzio na kingo za mteremko. Mwenye bodaboda au gari asimame pembeni, pasipokuwa na daraja juu wala chini. Katika kanisa, msikiti au darasa hatari kubwa huwa mlangoni, ambako watu mia moja hutaka kupita kwa mara moja. Mwalimu au kiongozi mwenye sauti ya utulivu, aliyekwisha kuwafundisha watu wake wakae chini kwanza na watoke baadaye kwa safu, huokoa wengi. Zoezi hilo lifanywe shuleni angalau mara moja kila muhula, na lisifanywe kwa mzaha, kwa sababu watoto hufanya siku ya tetemeko kile walichokifanya siku ya zoezi.

Usiku wa kwanza

Mtikisiko ukiisha, fikiri kwamba mwingine uko njiani, kwani tetemeko kubwa hufuatwa na madogo kwa siku na hata majuma, na ukuta uliolegezwa na la kwanza huweza kuangushwa na la tano. Funga koki ya gesi, zima jiko la mkaa kwa mchanga au majivu, kata umeme kwenye suichi kuu, na ukisikia harufu ya gesi usiwashe kiberiti wala taa. Kisha hesabu watu. Kila kaya iwe imekwisha kuchagua mahali pa kukutania, kwa mfano chini ya mwembe wa jirani, ili mtu asirudi ndani kumtafuta mwenzake aliyekwisha kutoka.

Kama kuna mtu chini ya kifusi, nyamazisheni watu kwanza na msikilize. Aliyefukiwa akiweza kugonga atagonga, na kelele za waliosimama juu ndizo zinazomzuia asisikike. Ondoeni tofali moja moja kwa mikono, kutoka juu, bila kutumia jembe wala sururu karibu na mwili, na mmoja wenu abaki akitazama kuta zilizosalia ili atoe onyo. Anayevuja damu akandamizwe kidonda kwa kitambaa safi bila kuachia. Nchini Tanzania namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Kwa ndugu walio mbali tuma ujumbe mfupi badala ya kupiga, kwa kuwa mtandao ukielemewa ujumbe hupita pale ambapo simu haipiti.

Usiku huo laleni nje, hata kama nyumba inaonekana nzima. Katika Kagera mvua za vuli huanza mapema, kwa hiyo turubai, kamba, mablanketi na vyandarua viwe mahali panapofikika bila kuingia chumba cha ndani kabisa, na dawa za mzee mwenye presha au kisukari ziwe pamoja navyo. Asubuhi kagua choo cha shimo kabla mtu yeyote hajakitumia, kwa kuwa sakafu yake hupasuka bila kuonekana, na maji ya kisima yaliyobadilika rangi yasinywewe kabla ya kutulia, kuchujwa na kuchemshwa hadi yatokote. Mwenyekiti wa kijiji au mtaa apewe taarifa ya maandishi yenye majina na uharibifu, pamoja na picha zilizopigwa kabla ya kifusi kusafishwa. Misaada hufuata orodha, na orodha iliyoandikwa kwa kukumbuka baada ya wiki mbili huwa na mapengo.

Mahali penye volkano

Goma, mji wa Kongo wenye wasemaji wa Kiswahili wasio na idadi, umejengwa juu ya lava ya zamani, yaani mwamba uliotoka mlimani ukiwa umeyeyuka kisha ukaganda, na unasubiri mpya. Kilele cha Nyiragongo, chenye mita zipatazo 3,470, kiko mwendo wa kilomita chini ya 20 kaskazini mwa mji. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava lililokuwa ndani ya mlima lilimwagika katika muda usiofika saa moja, na kwenye mteremko wa juu lava ilikimbia hadi kilomita 60 kwa saa. Tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaangusha kanisa kuu na kuingia Ziwa Kivu, na watu wapatao 120,000 wakakosa makazi. Tarehe 22 Mei 2021 ilisimama kwenye viunga vya mji, jirani na uwanja huohuo. Watu wa Goma wameijibu ardhi yao kwa namna inayostahili kutazamwa: huipasua lava kwa nyundo kupata mawe ya kujengea, na wengi huishi katika nyumba za mbao zilizoinuliwa juu ya mwamba huo mweusi. Nyumba ya mbao huvumilia tetemeko vizuri sana, na lava ikiifikia huwaka kama kibiriti. Kwa hiyo anayeishi pale hawezi kutegemea nyumba, bali njia ya kutokea.

Njia hiyo ichaguliwe kwa kutazama mteremko. Lava hufuata mabonde kama maji, na mjini, ambako ardhi imelala, mara nyingi huenda kwa mwendo ambao mtu mzima anaweza kuuepuka akitembea. Wanaonaswa ni wale wanaozibwa pande mbili au wanaorudi kuchukua mali. Ondokeni kwa pembeni ya mkondo, si mbele yake. Chagueni njia mbili, moja ya magharibi kuelekea Sake na nyingine ya mashariki kuvuka mpaka kwenda Gisenyi, kwa sababu lava yenyewe inaweza kuikata moja, na muitembee kila moja pamoja na watoto angalau mara moja mchana ili usiku isiwe ngeni. Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma hutangaza kiwango cha tahadhari kwa rangi, kuanzia kijani, njano, rangi ya chungwa hadi nyekundu, na ni vizuri kila mtu wa kaya azijue. Hata hivyo mwaka 2021 mlipuko ulikuja bila dalili za wazi za kutosha kuwaonya watu, kwa hiyo begi la kuondokea lisisubiri rangi kubadilika.

Katika begi hilo wekeni vitambulisho na vyeti ndani ya mfuko wa plastiki, pesa za noti ndogo, maji, chakula kisichohitaji kupikwa, tochi, dawa, na redio ndogo. Kwa kila mtoto andikeni karatasi yenye jina lake, majina ya wazazi, mtaa na namba mbili za simu, moja ikiwa ya ndugu anayeishi mji mwingine, kisha ishonwe ndani ya nguo. Sisemi hivi kwa kukisia: mwaka 2021, watu walipokimbia usiku na tena siku tano baadaye mamlaka zilipoamuru mitaa 10 kati ya 18 ihamwe, mamia ya maelfu walikuwa barabarani kwa wakati mmoja, na zaidi ya watoto 150 walitenganishwa na wazazi wao.

Lava iliyosimama bado haijafa. Juu hufanya ganda jeusi linaloonekana kama mwamba wa kawaida, lakini chini yake kuna joto kwa siku nyingi, na nyufa zake hutoa gesi. Mwaka 2021 watu kadhaa waliokuwa wakikatiza juu ya ganda hilo ili wafike upande wa pili walikufa kwa kukosa hewa. Mwaka 2002, siku chache baada ya lava kuingia mjini, kituo cha mafuta kililipuka huku watu wakichota mafuta pembeni mwa lava yenye moto, na makumi wakateketea. Zungukeni, hata kama kuzunguka ni mwendo wa nusu siku.

Maji nayo hupotea haraka. Mlipuko wa 2021 uliharibu mabomba na tangi la maji, na watu wapatao nusu milioni wakabaki bila maji safi katika eneo lenye historia ya kipindupindu, hivyo dawa ya klorini iwe ndani ya begi. Maji ya mvua yaliyokingwa chini ya moshi wa volkano huwa na floridi nyingi, na floridi haiondoki kwa kuchemsha. Wakati moshi unapoelekea kwenu, ondoeni bomba linalounganisha gata na tangi, na lirudishwe baada ya mvua kuosha paa. Jambo hilohilo linafaa penye majivu. Ol Doinyo Lengai ilipotoa majivu mwaka 2007 na 2008, wafugaji wa Kimasai waliozunguka mlima walilazimika kuhamisha mifugo, kwa kuwa nyasi zilizofunikwa majivu hazifai kuliwa. Funika pua na mdomo kwa kitambaa chenye unyevu, funika visima na vyakula, na uyafagie majivu kutoka juu ya bati kabla mvua haijayalowesha, maana yakilowa huwa mazito kiasi cha kuvunja paa. Anayepanda kufagia afungwe kamba.

Limebaki moja, ambalo watu wa Goma wamelipa jina lao wenyewe: mazuku. Ni kaboni dioksidi inayopenya kutoka chini ya ardhi na, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hujikusanya katika mabonde madogo, mashimo, vyumba vya chini na kingo za ziwa kati ya Goma na Sake. Haina rangi, na mtu anaweza asisikie harufu yoyote. Huwa nyingi zaidi usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia, na humpata kwanza aliye mfupi: mbuzi, mbwa, mtoto anayecheza shimoni, mtu aliyelala chini. Wadudu na ndege waliokufa mahali pamoja ni alama ya kutosha ya kugeuza njia. Taa ya chemli inayozimika yenyewe ukiishusha ni onyo la kuondoka papo hapo, lakini taa isiyozimika haithibitishi kwamba hewa ni salama, kwa kuwa gesi huanza kumdhuru mtu kabla haijauzima moto. Ukimwona mtu ameanguka bondeni usishuke kumfuata. Mrushie kamba au mvute kwa mti mrefu kutoka juu. Mnaporudi nyumbani baada ya mlipuko, rudini mchana upepo ukivuma, fungueni milango na madirisha yote na mkae nje kwa muda, kisha aingie mtu mzima mmoja akiwa amesimama wima, mwingine akimtazama kutoka mlangoni. Watoto na mbuzi wangoje nje, na kwa usiku kadhaa wa mwanzo pasiwe na mtu anayelala kwenye mkeka chini.